Rangi Yangu kwenye Mizizi ya Cheruto

Jumatatu, Machi 10

Vumbi tupu. Njoro nzima imelimwa, mashamba yako wazi, na kila mtu anaangalia juu akitafuta wingu. Mimi siangalii juu. Naangalia chini kwenye hadubini, na huko nako hakuna kitu.

Nimenunua daftari hili leo kwa sababu nikikosa pa kusemea nitapasuka. Profesa Nyakio, msimamizi wangu, aliniita asubuhi akanikalisha. Kamati ya masomo itakutana Juni 18. Nisipokuwa na mwanga wa kuwaonyesha siku hiyo, miaka yangu minne ya uzamifu inaishia hapo. "Wariara, hata mimi nimechoka kukutetea," akasema, na hakuwa anatania.

Niandike hapa ninachokitafuta, nisije nikakisahau kwa hasira. Kwenye utando unaofunika kila seli ya mzizi wa ngano kuna protini zinazokaa kama malango. Udongo wa Mau Narok una asidi, na asidi huilegeza alumini iliyo ardhini ikaanza kuchoma mizizi. Ngano yenye malango mengi huvumilia. Alumini ikigusa lango, lango linafunguka, linamwaga kitu cha kuifunga hiyo alumini, na mzizi unapona. Ngano isiyo na malango hayo inadumaa na mkulima anavuna majani. Basi mimi nimetengeneza rangi, molekuli ndogo ambayo ikiwa peke yake majini haing'ai. Ikishika lango lililofunguka, inapaswa kung'aa kijani chini ya taa ya buluu. Ukiweza kuyaona malango unaweza kumwambia mkulima apande mbegu gani bila kungoja misimu mitatu. Molekuli sita zilinishinda. Hii ni ya saba, ndiyo maana inaitwa Namba Saba. Ilinichukua miaka mitatu kuipata. Tangu Januari naiweka kwenye mizizi, na tangu Januari mizizi ni giza.

Jumatano, Machi 12

Giza.

Alhamisi, Machi 13

Giza. Mzee Njuguna, fundi wetu wa maabara, ameniletea chai akaniita "daktari." Ameniita hivyo tangu mwaka wa kwanza, kunitia moyo. Siku hizi naona kama ananisuta.

Nimemuuliza kuhusu ile mashine ya kugeuza maji kuwa mvuke na kuyarudisha yakiwa safi. Iliungua Krismasi. Amesema fomu ya kipuri bado iko ofisi ya manunuzi, kwa hivyo tuendelee na maji ya kisima yanayopita kwenye kichujio cha ukutani. Ni sawa tu. Yanatoka meupe, hayana hata chembe.

Ijumaa, Machi 14

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Haya, mgeni amekuja. Anaitwa Cheruto, kwao ni Elburgon, ana miaka ishirini na minne, anaanza uzamili. Profesa alimtembeza maabara nzima akafika kwangu. "Cheruto, huyu ndiye alitengeneza Namba Saba. Wariara, mgawie nusu."

Nusu! Nina miligramu arobaini za rangi hii duniani kote, na mtu wa kwanza kuombewa ni msichana ambaye hajajua choo kiko wapi. Nikampimia. Nilipima mara tatu, nikasingizia mizani.

Halafu ana meno, jamani. Meupe, yamepangika, na anayaonyesha bila sababu. Mimi nimezaliwa Lanet, nikakuzwa na maji ya kisima, na meno yangu ni ya kahawia kama ya watoto wote wa mtaa wetu. Nimezoea kucheka nimefunika mdomo. Yeye anacheka mdomo wazi hata mbele ya Profesa.

Saa kumi ikawa saa ya kutiliana sahihi. Hapa kwetu, kila Ijumaa mwenzako husoma daftari lako la maabara la wiki nzima na kutia sahihi chini ya kila ukurasa, awe shahidi kwamba ulichoandika ndicho ulichofanya. Nimepangwa na Cheruto. Alikuwa na ukurasa mmoja wa utangulizi. Nikatia sahihi.

Ijumaa, Machi 21

Giza langu, giza lake. Kurasa zake nne, nimetia sahihi. Niseme kweli kwa kuwa hakuna anayesoma hapa: nimefurahi kidogo.

Jumatatu, Machi 24

Mvua! Imeanza saa tisa ikapiga mabati mpaka hatukusikiana. Mzee Njuguna ameomba ruhusa akapande mahindi. Cheruto alitoka mbio nje, akarudi amelowa chapachapa, anacheka. Ushamba.

Alhamisi, Machi 27

Leo roho imeniuma, na itaniuma kesho, na sijui itaacha lini.

Nilikuwa kwenye chumba cha mizani, mlango nusu wazi. Nikasikia mtu anakimbia kwenye korido, na hapa hatukimbii, kuna asidi. Cheruto akasukuma mlango. "Madam Wariara! Imewaka! Kuja uone, Namba Saba imewaka!"

Nilisimama. Nilitaka kwenda. Miguu ilikuwa tayari imegeuka. Halafu nikamwangalia, amejaa furaha hadi masikioni, wiki mbili hapa, wiki mbili tu, na nikaigeuza miguu tena kwenye mizani.

"Niko na kazi," nikasema.

"Dakika moja tu, madam. Tafadhali. Ni green kabisa, hata..."

"Cheruto, nimesema niko na kazi."

Nikaufunga mlango. Nikabaki nimeshika kijiko cha mizani hewani kama mjinga. Nilimsikia akirudi, safari hii akitembea. Kisha nikasikia sauti ya Profesa kwenye chumba cha hadubini, na Profesa huwa hapazi sauti: "Mungu wangu. Mungu wangu, ni yenyewe."

Sikwenda kuangalia. Jioni picha ilikuwa imebandikwa ukutani, mzizi umezungukwa na uzi wa kijani. Nimeipita mara tatu nikiangalia upande wa pili.

Ijumaa, Machi 28

Mvua. Nimetia sahihi kurasa zake sita bila kuinua macho. Alisema asante. Sikuitikia.

Jumanne, Aprili 1

Mvua. Amepata mwanga tena. Mbegu za aina mbili, moja inang'aa sana, nyingine kidogo.

Alhamisi, Aprili 3

Nimerudia kila kitu. Mbegu zake zile zile, asidi kiwango kile kile, alumini ya chupa moja, rangi yangu mwenyewe niliyoipika kwa mikono yangu. Giza. Nimekaa nikatazama giza hilo dakika arobaini.

Ningeweza kumuuliza. Maneno matatu tu: umefanyaje, Cheruto? Nimeyapima mdomoni, yakanishinda. Mimi niulize? Mimi niliyezaa hii rangi nimwendee mtoto wa juzi anifundishe kuitumia? Bora nife na giza langu.

Jumatatu, Aprili 7

Mvua. Mwanga wake. Giza langu.

Ijumaa, Aprili 11

Sahihi, kurasa nane. Ana mwandiko mzuri. Hata mwandiko.

Jumapili, Aprili 20

Pasaka, niko nyumbani Lanet. Mama ameniuliza mbele ya wageni kama ile rangi imeshaanza kuwaka. Nikasema imewaka. Wageni wakapiga makofi, mama akanishika mkono. Nimekula pilau bila kuisikia ladha. Si uongo, nimejiambia. Imewaka. Ila haijaniwakia mimi.

Ijumaa, Aprili 25

Mvua imekata wiki mbili. Wakulima wameanza kununa. Na hili nalo nimeliona: Cheruto hajapata mwanga hata mara moja tangu mvua ikatike. Wala hajajaribu. Anakaa anasoma makala, anapanga vifaa, anasema anangoja kidogo. Mzee Njuguna amecheka: "Huyu msichana anangoja mvua kama mkulima."

Anangoja nini? Mtu mwenye matokeo ya kweli hangoji siku njema. Hilo limeniingia kichwani na halitoki.

Jumanne, Aprili 29

Mvua imerudi. Mwanga wake umerudi nayo. Sasa ninamchunguza.

Jumatano, Mei 7

Profesa ametukusanya. Kutokana na picha za Cheruto, mbegu za aina mbili zitachaguliwa kupelekwa shamba la majaribio Mau Narok msimu ujao. Halafu akaniomba nibaki.

"Nimefikiria," akasema. "Kamati ikikuondoa, sitaki mradi ufe. Nitaomba Cheruto apandishwe moja kwa moja kwenye uzamifu, auchukue. Wewe utatajwa, Wariara. Rangi ni yako, hilo hakuna atakayelisahau."

Nitatajwa! Kama marehemu anavyotajwa kwenye harambee.

Nilisema, "Sawa, Prof." Nilitoka nikaenda nyuma ya kibanda cha mimea nikalia mpaka kamasi. Sijawahi kumchukia mtu namna hii. Namchukia anavyofunga koti lake, namchukia anavyosalimia bawabu kwa jina, namchukia anavyoniita madam kwa heshima kana kwamba hajaninyang'anya kitu.

Ijumaa, Mei 9

Nimeandika barua kwa Profesa. Nimeandika kwamba matokeo ya Cheruto hutokea siku fulani na kutoweka siku nyingine bila maelezo. Kwamba mimi, nikitumia mbegu hizo hizo na rangi hiyo hiyo, sijapata hata chembe ya mwanga tangu Januari. Kwamba picha ya hadubini mtu anaweza kuiongezea mng'ao kwenye kompyuta. Sikuandika kwamba ameiongezea. Niliandika tu kwamba inawezekana.

Kila sentensi ni kweli. Nimeisoma mara nne na kila sentensi ni kweli.

Saa kumi nikatia sahihi kurasa zake za wiki, barua ikiwa mfukoni. Kisha nikaipeleka.

Jumatano, Mei 14

Nitaandika yote.

Profesa aliamua jaribio lirudiwe mbele ya mashahidi. Walikuja wahadhiri wawili kutoka idara, mwanamume na mwanamke, na mzee Njuguna alisimama mlangoni. Ili kusiwe na upendeleo, Cheruto asiguse chochote. Nitayarishe mimi. Profesa alisema hivyo kwa upole, na nikaona Cheruto akiniangalia, si kwa hasira, ila kama mtu anayejaribu kukumbuka amenikosea lini.

Nilifanya kazi safi kabisa. Naandika hili kwa kuwa ni kweli: sikuharibu kitu makusudi. Nilipima asidi, nikapima alumini, nikakinga maji kwenye kichujio cha ukutani kama siku zote. Nikatumbukiza miche ya ile mbegu yake inayong'aa kuliko zote. Nikaongeza Namba Saba. Nikaweka saa dakika ishirini.

Cheruto alikuwa amesimama karibu na dirisha. Akasema polepole, "Madam, umetumia maji gani?"

"Maji ni maji, Cheruto," nikajibu.

Yule mhadhiri mwanamume akacheka. Cheruto akamgeukia Profesa. "Prof, mimi huwa natumia..."

"Cheruto, tusitafute visingizio kabla ya kuona," Profesa akasema. "Tungoje."

Tukangoja. Saa ikalia. Profesa akainama kwenye hadubini, akazungusha, akazungusha tena. Akawapisha wahadhiri, mmoja mmoja. Kila mmoja alikaa muda, akatoka akitikisa kichwa. Mwisho Cheruto mwenyewe akaangalia. Hakulia. Aliosha vyombo nilivyovichafua mimi, akavipangusa, akavipanga rafuni kwa ukubwa. Akavua koti akalikunja.

"Nenda nyumbani kwanza," Profesa akamwambia. "Uchunguzi ukiisha tutakuita."

Namba Saba yote iliyobaki, yake na yangu, Profesa ameifungia kwenye friji ya ofisi yake. Nami nilikwenda mkahawani nikaagiza chapati tatu na maharagwe, nikamaliza zote.

Ijumaa, Mei 16

Saa kumi ilifika, sikuwa na daftari la kutia sahihi. Kumetulia. Nimelala usingizi mzuri siku mbili.

Jumanne, Mei 20

Mvua kubwa. Maabara ina nafasi sasa.

Ijumaa, Mei 23

Kwa nini aliuliza maji?

Jumatatu, Mei 26

Mwenye kudanganya angeuliza mbegu, au angesema rangi imeharibika. Angeuliza taa. Yeye aliuliza maji. Nimelifukuza hilo swali siku nzima na limekaa.

Alhamisi, Mei 29

Mzee Njuguna aliingia asubuhi akijipangusa viatu. "Daktari, zile ndoo za Cheruto nimwage? Zimejaa mpaka zinazaa mbu."

"Ndoo gani?"

"Si zile ziko nyuma ya kibanda cha mimea, chini ya mfereji wa paa. Za kukinga maji ya mvua. Alikuwa anafanyia kazi yake nayo. Aliniambia kwao Elburgon mama yake hakubali mtu anywe ya kisima, ati itamwozesha meno."

Daftari la Cheruto lilikuwa bado kwenye rafu. Hakuna aliyelitaka kwenye uchunguzi, kwa sababu mimi nilikuwa nimetia sahihi kila ukurasa, na Profesa aliamini nimesoma. Nikalifungua. Machi 18, maji ya kichujio, giza. Machi 20, maji ya kichujio, giza. Machi 25, "nimebadilisha, maji ya mvua." Machi 27, maji ya mvua, mwanga. Aprili 1, maji ya mvua. Aprili 7, maji ya mvua. Aprili 14, "maji ya mvua yameisha, nangoja." Chini ya kila ukurasa, kwa wino wangu wa buluu, Wariara, Wariara, Wariara.

Sikuhitaji kitabu. Mimi ni mkemia. Maji yetu ya bonde yana floridi nyingi, ile chumvi inayotia meno kahawia, kila mtoto wa Nakuru anajua hivyo, na kichujio cha ukutani hukamata mchanga tu, floridi inapita. Maji ya mvua hayana floridi. Na floridi ikikutana na alumini huishika, haiachi. Alumini niliyokuwa nikiimwaga kwenye vyombo vyangu tangu Januari ilikuwa imefungwa mikono kabla haijafika kwenye mzizi. Malango hayakuguswa. Hayakufunguka. Rangi yangu haikuwa na pa kushika.

Nilikwenda chooni nikajiangalia kwenye kioo, nikafungua mdomo. Jibu nimetembea nalo kwenye meno miaka thelathini na tatu, nikilifunika kwa mkono.

Ijumaa, Mei 30

Nimemwambia Profesa kuhusu floridi na ndoo za maji ya mvua. Sikumwambia kuhusu daftari.

Alitoka nyuma ya meza yake. "Wariara, unajua umefanya nini? Umeeleza kwa nini kila maabara ya bonde hili lote inaweza kukosea. Hiyo ni sura nzima ya tasnifu yako. Mbele ya kamati, hiyo peke yake inakuokoa."

"Na Cheruto?"

Akavua miwani. "Cheruto alibahatisha. Hakujua sababu, wewe ndiye umeijua. Nitaandika kwamba hakudanganya, arudi au asirudi, ni yeye. Lakini ugunduzi ni wako. Uandike."

Sasa nina kila nilichokitaka. Shahada, jina, rangi, na yeye yuko mbali. Na sehemu ya maneno ya Profesa ni kweli, hiyo ndiyo shida. Ningekuwa na uongo mtupu mkononi ningeweza kuutupa.

Jumanne, Juni 3

Nimeandika kurasa kumi na mbili za sura ya maji. Nzuri. Jina la Cheruto halimo.

Alhamisi, Juni 5

Kurasa ishirini. Kila ukurasa nikiumaliza naliangalia daftari lake rafuni.

Jumatatu, Juni 9

Asiyekubali kushindwa si mshindani. Nimeacha kuandika. Jumamosi nakwenda Elburgon.

Jumamosi, Juni 14

Nyumba yao iko juu ya viwanda vya mbao, unasikia msumeno mpaka uani. Mama yake alinipokea kwa mikono miwili, "Karibu mwalimu wa Cheruto," na hilo nalo lilikuwa pigo. Bila kuniuliza jambo akaniwekea chai. Cheruto alikuwa shambani akipandishia viazi udongo. Hakuacha jembe nilipofika.

"Habari, madam."

"Cheruto, ilikuwa maji. Yale ya kichujio yana floridi, inafunga alumini. Ulikuwa sawa tangu mwanzo."

Akapiga jembe mara mbili zaidi. "Najua ilikuwa maji. Nilijua siku hiyo hiyo nikiosha vyombo."

"Mbona hukusema?"

"Ningemwambia nani? Nilianza kusema, mkanicheka." Sasa akasimama wima. "Na nilidhani unajua. Kila Friday unasign. Kila page nimeandika maji ya mvua. Nikasema huyu madam anajua vizuri, ameniwekea ya kisima makusudi ili nianguke."

"Sikujua. Naapa. Sikusoma hata ukurasa mmoja."

Nilikuwa nimekuja na hilo kama utetezi wangu.

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

"Hiyo ni mbaya zaidi," akasema. "Adui angesoma. Wewe ndiye ulikuwa shahidi wangu."

Nikamwambia ukweli wote, kwa kuwa ndio uliobaki: barua, wivu, meno yake, furaha yangu siku alipoondoka, zile chapati tatu, kurasa ishirini. Nilizungumza nikiwa nimeshika kikombe cha mama yake mpaka chai ikapoa. Alisikiliza bila kunikatiza.

"Siku ile nilikuja nikikimbia," akasema mwishoni, "ulidhani nilikuja kufanya nini?"

"Kuringa."

"Nilikuja kukuambia rangi yako inafanya kazi, Wariara." Mara ya kwanza hakuniita madam. "Mimi nilikuwa nimefanya nini? Nimekinga maji. Wewe ulikaa three years ukitengeneza kitu, watu wanasema haifanyi, na mimi ndio nilikuwa wa kwanza kuona inafanya. Nikafikiri, wacha nimkimbilie. Ukafunga mlango."

Akainama akachukua jembe. "Utasema hivi mbele ya kamati?"

"Nitasema."

"Basi nitakuja. Si kukusamehe. Nitakuja kusikia."

Mama yake alinifungia viazi kwenye mfuko. Nilijaribu kukataa, haikuwezekana. Vimekaa hapa mezani, sijathubutu kuvipika.

Jumatano, Juni 18

Nianze na uamuzi. Nimepewa miezi sita na barua ya onyo itakayokaa kwenye faili yangu. Sura ya maji ni ya Cheruto. Mradi ni wa Cheruto. Profesa hajanisemesha tangu saa nane, na nadhani ana haki.

Nilisimama mbele ya watu saba nikaweka daftari lake mezani, nikawaonyesha Machi 25, nikawaonyesha sahihi yangu. "Haya maandishi nilishuhudia bila kuyasoma," nikasema. "Kisha nikaandika barua kumshtaki mwenye nayo. Kuhusu floridi, nimeeleza tu kitu ambacho yeye alishakiona." Mwenyekiti aliniuliza kama ninaelewa ninachokifanya. Nikasema ndiyo. Sauti yangu ilitoka ndogo mno, akaniambia nirudie, nikarudia. Cheruto alikuwa ameketi nyuma kabisa. Sikumwangalia.

Kamati ikataka kuona kwa macho. Tukashuka wote maabara. Profesa akafungua friji. Cheruto akavaa koti lake, akaweka vyombo viwili sambamba, kimoja maji ya kichujio, kingine ya ndoo. Mbegu moja, rangi moja. Nilisimama ukutani na niseme kweli, wivu haujaisha. Nilipoona mikono yake ikifanya kazi bila kutetemeka, ulinipitia tena kama maumivu ya jino. Niliuacha upite.

Saa ikalia. Wanakamati wakaanza kujipanga, mwenyekiti mbele. Cheruto akainama, akarekebisha, akainua kichwa. "Ngojeni kidogo," akawaambia. Akanigeukia. "Wewe hujawahi kuona."

Ni kweli. Tangu Machi sikuwahi kuinama kwenye hadubini yake hata mara moja. Niliipita picha ukutani. Kila mtu wa maabara alikuwa ameiona Namba Saba ikiwaka, Profesa, Cheruto, hata mzee Njuguna, isipokuwa mimi.

Nikainama. Chombo cha kwanza, giza langu la zamani, nikalitambua mara moja. Akasogeza chombo cha pili chini ya lenzi. Kwanza sikuona kitu kwa sababu ya machozi. Nikapangusa jicho kwa mkono wa koti, nikaangalia tena, na pale palikuwa na seli, moja baada ya nyingine, kila moja imezungushiwa ukingo wa kijani mwembamba, na huo ukingo ulikuwa kazi yangu. Miaka mitatu. Yote ilikuwa inafanya kazi, siku zote, na nilikuwa nimemchukia mtu aliyekuja kuniambia hivyo.

Mwenyekiti akakohoa. Nikaangalia mara moja zaidi, kisha nikasogea, wengine nao waone.